Ukitoka darasani, toka na jambo moja

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu mkuu nilimtazama mwalimu akifundisha, kisha nikamwita ofisini nikamsomea makosa kumi na moja: andalio la somo halijakamilika, zana hakuna, sauti ndogo, na mengineyo. Kila kosa aliitikia, "Sawa, mwalimu mkuu." Wiki mbili baadaye alikuwa anafundisha vilevile, ila sasa akiniona mlangoni anababaika. Bado naona uchungu nikikumbuka.

Siku hizi namwambia mwalimu mapema nitaingia kipindi kipi, na namuuliza yeye angependa nimtazamie nini. Nakaa nyuma na watoto, dakika zote 40. Siandiki maoni. Naandika nilichokiona na kukisikia: nani kaulizwa, kajibu nini, nani hakunyoosha kidole kabisa.

Juzi ilikuwa hisabati darasa la tano, kujumlisha sehemu. Mwalimu alieleza KDS (kigawe kidogo cha shirika) vizuri, akauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mtoto niliyekaa naye akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikapitia madaftari ya jirani, nikakuta wengine wanne wamejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (za chini), kosa lilelile.

Siku hiyohiyo, watoto walipoondoka, nilimfuata darasani kwake. Ofisini kwangu angejiona ameitwa kujieleza. Nikaanza na kilichofaa, nikakitaja chenyewe: "Ulipokunja ile karatasi kuonyesha nusu, hata wa nyuma walitulia." Kisha nikamwekea madaftari mawili mezani, nikanyamaza. Huo ukimya uvumilie, mwenzangu, usiujaze maneno. Akayatazama, akasema, "Kumbe walikuwa wananiitikia tu."

Nikamuuliza kesho atajuaje mapema. Tukakubaliana kwamba kabla ya zoezi ataweka swali moja ubaoni, kila mtoto alifanye, naye apite kwenye madawati. Basi. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa unapanda mlima, sikuugusa.

Karatasi yako ya maelezo mwachie yeye. Usiitie kwenye faili lake, wala habari zake usizipeleke kwenye kikao cha walimu. Akijua zinafika kwa afisa elimu kata, siku nyingine atakuandalia somo la maonyesho.

Na urudi ndani ya wiki, hata kwa dakika kumi, uangalie hilo moja mlilokubaliana. Niliporudi Alhamisi nilimkuta amechuchumaa kando ya yule mtoto, wanakunja karatasi pamoja.