Namna ya kumnasa mdudu wa nagana kwenye damu ya ng'ombe, ukianzia kwa panya

Kila msimu wa kwenda filidi wanakuja vijana wapya, wengine wana digrii safi kabisa, tripanosoma, yani kimelea anayeleta nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, wameshamuona kitabuni akiwa ametulia kapakwa rangi ya zambarau, afu unamuwekea kwenye maikroskopu damu ambayo bado ina uhai, anaangalia dakika 5 nzima anakwambia hamna kitu. Kumbe kitu kipo palepale kinamchungulia. Kwenye damu mbichi humtafuti mdudu, unatafuta fujo anayoifanya, yani chembe nyekundu zinasukumana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni na kazi yako ni kumkuta yule anayesukuma.

Ndo maana mimi huwa nawaanzishia kwa panya. Panya hawa wa kwenye maghala na majumbani wana tripanosoma wao anaitwa Trypanosoma lewisi, anaenezwa na viroboto, panya anajiramba au anameza kiroboto mwenye vimelea basi kashampata. Hamuumizi sana, anakaa kwenye damu wiki kadhaa afu kinga inamfagia. Sio kila panya anae lakini ukipata mwenye nae unakuwa umepata darasa la bure, tone moja la damu ya mkiani, kavaslipu juu, kale kakioo kembamba ka kufunikia, lenzi ya 40, na utaona kitu chembamba chenye ncha kali kinakatiza kama mjusi aliyefukuzwa jikoni. Ukishamuona huyo mara moja jicho halisahau tena.

Ila panya wa mtegoni sio mtu wa kuchezea jamani. Glovu, viroboto wauliwe kabla hujamshika, na kibali cha kufanya kazi na wanyama kiwepo. Lushoto huku kwetu mkoa wa Tanga tauni ilishatusumbua miaka mingi kuanzia 1980 na ilikuja na hawahawa panya na viroboto vyao.

Haya, tuje kwa ng'ombe. Kabla ya sindano muulize mchungaji ng'ombe amelishwa wapi miezi hii, kama walipita porini kwenye mbung'o, na kama kuna aliyetupa mimba au anayekonda huku anakula. Afu damu. Wengi wanakimbilia mshipa wa shingo kwa sababu inatoka nyingi, sawa, ila ukiweza chukua na ya sikioni, toboa kamshipa kadogo cha pembeni ya sikio ujazie kapilari, kale kamrija kembamba ka kioo, palepale. Sababu ni T. congolense, mmoja wa tripanosoma wa nagana, huyu ana tabia ya kung'ang'ania kuta za mishipa midogo, kwa hiyo damu ya sikio inaweza kukuonyesha alichoficha shingo.

Kapilari iwe ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, jaza kama robo tatu hivi, ziba upande mmoja kwa ile plastisini. Kama unabeba kwenye chupa basi iwe ya EDTA, nayo inazuia kuganda, na uichanganye taratibu kwa kugeuzageuza, usiitikise kama dawa ya kikohozi. Afu sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu: damu iwe ya baridi lakini isigusane na barafu, na isomwe siku hiyohiyo ndani ya masaa machache. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilizika chupa kwenye barafu nikaona nimefanya la maana kweli, tumefika maabara jioni nimesoma sampuli zote hamna hata mmoja, nikaandika safi. Wiki iliyofuata mwenye ng'ombe ananipigia simu yule jike mwekundu kaanguka. Tulivyorudi tukasoma damu palepale chini ya mwembe, wamejaa. Tangu hapo maikroskopu na jenereta vinatufuata bomani, damu haitufuati mjini.

Weka kapilari kwenye sentrifyuji ndogo ya kapilari, ile mashine ya kuzungusha damu, mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika 5. Sehemu iliyozibwa iangalie nje, ukikosea hapo utapaka sentrifyuji damu na utaisafisha mwenyewe. Ikitoka utaona nyekundu chini, maji ya njano juu, na katikati kamstari keupe kembamba, hapo ndo kijiji cha seli nyeupe na vimelea vinapenda kukaa hapo hapo au chini yake kidogo. Soma PCV kwanza, yani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kabla hujafanya kingine. Ikiwa chini ya 25 ng'ombe ana upungufu wa damu, ila usiruke kusema nagana, minyoo nao wanashusha, kupe nao wanashusha, njaa ya kiangazi nayo imo.

Kukata kapilari ndo ufundi wenyewe. Kwaruza kioo kwa kalamu ya almasi kama milimita 1 chini ya kamstari keupe, ili uchukue na nyekundu kidogo, maana congolense ni mzito huwa anazama kwenye zile nyekundu za juu. Vunja taratibu, sukuma kale kadamu na maji yake kidogo kwenye slaidi, funika. Kama maikroskopu yako haina mambo ya kisasa shusha kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, na ubane mwanga mpaka picha iwe na kagiza, mwanga mkali unafuta kila kitu na hapo ndo wageni wengi wanapotea kabisa. Mimi sinyanyui kichwa kabla ya fildi 100, yani duara 100 za kinachoonekana kwenye lenzi, na kama PCV iko chini naenda mpaka 200.

Sasa umemuona anatembea, ni nani? Akikatiza fildi mara moja na kutokomea, unahamisha slaidi kumfuata hapatikani, huyo mara nyingi ni T. vivax. Mdogo, mvivu, anahangaika palepale na chembe nyekundu kama kagandana nayo, ni congolense. Anayejinyonganyonga mahali pamoja, mnene na utando wake unapepea kama kanga kwenye kamba, ni wa kundi la brucei. Afu kuna yule mkubwa ajabu, urefu wake mara mbili au tatu ya wenzake, huyo ni T. theileri, analetwa na nzi wakubwa wanaong'ata na kwa kawaida ng'ombe haumwi naye. Nimeshaona watu wanachoma ng'ombe dawa kwa sababu ya theileri, hela inakwenda na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Mwendo peke yake sio ushahidi wa kutosha lakini. Paka slaidi nyembamba, ikikauka itumbukize kwenye methanoli dakika 3, afu rangi ya Giemsa ya asilimia 10 dakika 30, osha, kausha, soma kwa lenzi ya 100 na mafuta. Angalia kile kidoto cheusi kinachoitwa kinetoplasti, kwa vivax ni kikubwa na kiko mwisho kabisa, kwa congolense ni cha wastani kiko pembeni na mkia huru hana, kwa brucei ni kadogo na utando umekunjamana. Na ukiwa hapo macho yasilale, ndani ya chembe nyekundu unaweza kukuta viwili viwili vya umbo la pea, hiyo ni Babesia, yule wa kukojoa damu, au vidude vidogo vya Theileria wa ndigana kali, kwa sababu ng'ombe wa huku hapewi ugonjwa mmoja mmoja.

Zamani, na hata leo kwenye utafiti, ukishindwa kuona unamchoma panya mweupe wa maabara hiyo damu tumboni na kumfuatilia damu ya mkiani mara 2 au 3 kwa wiki. Brucei anakubali vizuri sana, congolense wengine wanakubali wengine wanakataa, vivax wa Afrika Mashariki kwa kawaida hamtaki panya kabisa. Kwa hiyo panya akibaki mzima hajamsafisha ng'ombe. Siku hizi napendelea kudondosha damu kwenye karatasi ya chujio, ikauke kivulini, iende PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya mdudu, panya wabaki kwa kazi ambayo kweli haifanyiki bila wao.

Halafu kuhusu brucei, glovu usivue. Yupo brucei wa kawaida ambaye damu ya binadamu inamuua, na yupo rhodesiense anayeleta malale kwa watu, na kwenye maikroskopu hao wawili ni mapacha, huwezi kuwatofautisha hata uwe na macho ya tai. Kinachowatenganisha ni jeni moja, kipande cha vinasaba, linaitwa SRA na hilo linahitaji PCR. Ukijichoma sindano usiseme ah ni ya ng'ombe tu, nenda hospitali uwaambie ulikuwa unashika nini.

La mwisho ni fomu. David Bruce alimuona huyu mdudu kwenye damu ya ng'ombe kule Zululand miaka ya 1890 na mpaka leo anatukimbia kwa ujanja uleule, anabadilisha koti lake la protini, kinga ikishalijua hilo kavaa jingine, kwa hiyo wanapanda na kushuka kwenye damu kama maji ya bahari. Leo unaweza kusoma wakati wa kupwa. Basi mimi kwenye fomu siandiki HANA, naandika HAJAONEKANA, na pembeni PCV na saa niliyotoa damu. Kama PCV iko chini na mchungaji anasema walipita kwenye mbung'o, narudi baada ya siku 3 au 4 na sikio la pili.