Mtoto mwerevu shule ya serikali: jinsi ya kuchagua masomo kuanzia S3 hadi fomu ya chuo

Shule za serikali Uganda hazina mpango wa kitaifa wa madarasa maalum kwa watoto wenye vipaji. Anayewapita wenzake huketi nao benchi moja, akafunzwa kwa mwendo wao. Kinachomtofautisha ni uchaguzi mara tatu: somo la hiari akiingia S3 (kidato cha tatu), kombinesheni ya S5, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma kidato cha tano na sita, na fomu ya chuo. Wazazi wengi huamka kwenye fomu, wakati mambo mawili ya kwanza yameshapita.

Anza na S3. S1 na S2 mtoto husoma masomo 12, na Kiswahili kimo kati ya yale 11 ya lazima. Akifika S3 hubaki na 7 ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia na Historia. Juu yake huongeza 1 au 2, jumla 8 au 9. Sayansi haimtoki hata akitaka, kwa hiyo nafasi ya hiari itumieni kwa kile mkono wake unachokipenda: kompyuta, kilimo, sanaa, teknolojia na usanifu. Kabla ya kujaza, ingia shuleni uulize: mwalimu wa somo hilo yupo mwaka mzima, au huja siku mbili kwa wiki? Kompyuta zinazowaka ni ngapi, na zinagawanywa kwa wanafunzi wangapi? Somo zuri lisilo na mwalimu ni jina tu kwenye ratiba. Na masomo 9 si sifa. Kama la tisa linamla muda, abaki na 8.

Hapa ndipo watoto wepesi wa kuelewa huteleza kuliko wazito. Katika mtaala mpya, uliofanyiwa mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa S4, mara ya kwanza 2024, asilimia 20 ya alama hutoka kwenye kazi za darasani na asilimia 80 kwenye mtihani wa mwisho. Aliyezoea kulala muhula mzima na kuamka wiki ya mtihani huziacha zile 20 mezani. Kila mwisho wa muhula mwombe mwalimu akuonyeshe alama zilizoandikwa, na projekti iwe imekabidhiwa, si “inamaliziwa”.

Kombinesheni ya S5 huchaguliwa kinyumenyume: kwanza kozi, kisha masomo. UACE, mtihani wa mwisho wa S6, ina masomo makuu matatu na madogo mawili: Jenero Pepa (General Paper), na Sub-Math (hisabati ndogo) au Sub-ICT (kompyuta). Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) huchukua Sub-Math. Wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), aliye tayari na Hisabati, huchukua Sub-ICT. Kwa hesabu iliyozoeleka A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1, na kila somo dogo likipita ni 1. Lakini chuo cha umma hakijumlishi hivyo tu. Masomo mawili ya msingi wa kozi huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana nayo kwa 2.

Chukua wanafunzi wawili wa PCB wanaoomba udaktari, ambao msingi wake ni Biolojia na Kemia. Wa kwanza ana Kemia A, Biolojia B, Fizikia D: 18 + 15 + 6 = 39, na masomo madogo mawili, 41. Wa pili ana Fizikia A, Kemia B, Biolojia D: 12 + 15 + 9 = 36, na masomo madogo, 38. Kwenye karatasi ya matokeo wote wana pointi 16. Kwenye orodha ya chuo wametengana kwa 3, pengo linaloweza kumfungia mmoja mlango. Yule wa pili angekuwa PCM, A yake ya Fizikia ingehesabiwa mara 3 katika uhandisi. (Wasichana huongezewa pointi 1.5.) Pata jedwali la uzito la mwaka wenu kutoka chuoni, mfanye hesabu hii kwa alama za mtihani wa majaribio, kwa kozi tatu tofauti.

Makosa ya kawaida ni haya: kuchagua PCM kwa sababu ya heshima wakati Hisabati ya UCE ilikuwa C, kufuata rafiki, na kukubali kombinesheni aliyopangiwa kwa kuwa darasa jingine limejaa. Omba kubadilisha ndani ya wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo amekosa mada za mwanzo, na kwenye Fizikia mada za mwanzo ndizo ngazi.

Serikali hulipia wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka, wengi kwa ushindani wa kitaifa, wengine kwa mgao wa wilaya. Wilaya ya nyumbani ijazwe kwa makini, jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye cheti cha UCE. Anayetaka sheria Makerere ajue kuna mtihani wao wa kujiunga, hata kama alama zake zinang’aa.

Na kama kipaji kiko mikononi, msimlazimishe S5. Baada ya S4 anaweza kusoma cheti cha ufundi, kisha diploma kwenye vyuo kama Elgon kule Mbale au Kichwamba kule Fort Portal, halafu akaomba digrii kwa njia ya diploma. Aliyefika S6 huhitaji kufaulu somo kuu moja, na ufaulu mdogo (subsidiary pass) katika mengine mawili tu, kuingia diploma. Karakana mzitembelee siku ya kazi, mashine zikiwa zinanguruma. Siku ya maonyesho kila kitu hung’arishwa.