Pedali ya breki inazama kwenye Hiace ya zamani: wapi pa kuanzia

Pedali ikianza kuwa laini, gerejini hukumu hutoka haraka: "Masta silinda imekufa, leta nyingine." Mara nyingine ni kweli. Ila Hiace nyingi zinazofika kwangu na hukumu hiyo masta zake (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) ni nzima, ugonjwa uko kwenye dramu za nyuma. Mwenye gari ananunua masta, anatoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta), na wiki haijaisha amerudi na pedali ile ile. Somo hili ni la kutafuta chanzo kwanza, spana baadaye.

Nazungumzia Hiace za H100, zile zilizotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2004, hasa za dizeli zenye injini ya 2L, 3L au 5L, diski mbele na dramu nyuma. Mwenye Caravan au Townace ya umri huo atakuta mengi yanafanana. Gari lenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) lina utaratibu wake wa kutoa upepo, kwa hiyo hatua ya 5 usiibebe kama ilivyo.

Pedali ikiwa inafika chini kabisa, gari lisiendeshwe hata "taratibu mpaka gereji". Fundi alifuate lilipo. Likilazimika kuvutwa, livutwe kwa chuma, maana la kamba lisilo na breki litamgonga anayelivuta.

Hatua ya 1: Isikilize pedali

Simama pa tambarare, weka mawe kwenye tairi, zima injini. Kanyaga mara kadhaa kumaliza vakyum iliyobaki kwenye busta (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako), halafu kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie kama nusu dakika.

Pedali ikiwa chini mara ya kwanza, ukipampu inapanda na kukaa ngumu, shuu za nyuma (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) ziko mbali na dramu. Ikiwa inabonyea kama sponji hata ikipanda, kuna upepo, au mpira wa breki (bomba laini la kupitisha mafuta) umechoka na unavimba ukikanyaga. Ikianza juu halafu ikawa inateremka yenyewe chini ya mguu, mafuta yanatoka mahali: ama yanavuja nje, ama masta inayapitisha ndani kwa ndani.

Kisha vuta handibreki mpaka mwisho, ukanyage tena. Pedali ikiwa imepanda waziwazi kuliko mwanzo, umepata jibu bila kufungua hata nati moja: handibreki imesogeza shuu karibu na dramu, na pengo ulilokuwa unalijaza kwa kupampu limepungua.

Watu wengi hutishwa na kitu kimoja hapa. Ukiwasha injini mguu ukiwa kwenye breki, pedali hushuka kidogo. Hiyo ni busta inafanya kazi. Busta ikifa, au ile pampu ya vakyum nyuma ya altaneta, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, haiwi laini. Kwa hiyo anayekuuzia busta kwa ajili ya pedali laini, mwache aendelee na safari yake.

Hatua ya 2: Kichupa cha mafuta

Mafuta yakishuka kidogo kidogo kwa miezi, huenda ni pedi za mbele zinaisha na pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinatoka nje zaidi. Yakishuka kwa siku chache, yanavuja. Usijaze tu ukaondoka.

Angalia na rangi. Mapya yana umanjano mwepesi. Yakifanana na chai ya rangi, yamezeeka. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani haina uchoyo wa unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za selisiasi. Ikishakunywa maji, kiwango hicho kinashuka mpaka 140. Ndiyo sababu gari linasimama vizuri mjini, halafu kwenye mteremko wa Kitonga pedali inaenda chini: mafuta yamechemka, yametoa mvuke, na mvuke unabonyea.

Hatua ya 3: Tafuta panapovuja

Pitia bomba zote za chuma, mipira ya mbele na ule mmoja unaoshuka kwenye eksili ya nyuma. Chungulia upande wa ndani wa tairi za nyuma. Ukiona unyevu unaoteremka kutoka kwenye sahani ya breki, wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu) inavuja au oil sili ya eksili imeachia. Mafuta ya breki ni mepesi na huoshwa na maji, oili ya difu ni nzito na ina harufu kali.

Usisahau masta upande wake wa nyuma, inapofungwa kwenye busta. Raba ya nyuma ikichoka, mafuta huingia ndani ya busta na chini huoni hata tone. Legeza nati za masta, ivute mbele kidogo bila kukunja bomba, uangalie. Pakiwa pamelowa, umejua mafuta yanakokwenda.

Hatua ya 4: Dramu za nyuma

Hapa usiwe na haraka. Weka gari kwenye stendi, si jeki peke yake, na uachie handibreki. Dramu ikikataa kutoka, usianze kuipiga nyundo pembeni. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili na uzikaze kwa zamu, itasukumwa nje yenyewe. Kama shuu zimeng'ang'ania kwenye ukingo uliochimbika ndani ya dramu, rudisha nyota ya kurekebishia kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma.

Vumbi lile usilipulize kwa kompresa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, ufute.

Sasa vuta taratibu ukingo wa kifuniko cha raba cha wili silinda. Kikavu, au kiunyevu kidogo tu, ni sawa. Yakitoka matone, badilisha silinda, na zile shuu zilizolowa mafuta ziondoke nazo. Kuzichoma kwa moto ili zikauke hakuzirudishii ushikaji.

Halafu nyota yenyewe. Kazi yake ni kurefuka kadiri shuu zinavyolika. Kwenye magari yetu imeganda kwa kutu na vumbi, kwa hiyo shuu zinalika na hakuna kinachozisogeza. Ifungue, safisha nyuzi zake kwa brashi ya waya, paka grisi inayostahimili moto, kidogo sana, uhakikishe inazunguka kwa vidole. Ya kushoto na ya kulia zina nyuzi zinazozunguka kinyume. Ukizibadilishana, kila zinapojirekebisha zinafupika.

Kagua dramu. Ukubwa wa mwisho umeandikwa kwenye chuma chake pamoja na neno MAX. Ikipita hapo, hata shuu mpya hazitaisaidia. Rudisha kila kitu, zungusha nyota mpaka gurudumu lishike, kisha uirudishe meno machache mpaka lizunguke huru, ukisikia mkwaruzo mwepesi tu. Pande zote mbili zilingane. Kamba ya handibreki irekebishe baada ya hapo, kamwe si kabla.

Kanyaga pedali. Mara nyingi kazi inaishia hapa.

Hatua ya 5: Kutoa upepo

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari lenye usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ile valvu ya mzigo (inayorekebisha breki za nyuma kulingana na mzigo) juu ya eksili ya nyuma, kama ina nipeli yake (kibomba cha kutolea upepo), nayo itolewe upepo.

Mmoja ndani, mmoja chini. Wa chini avalishe nipeli mpira unaoonyesha kilicho ndani, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo. Wa ndani anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua, mapovu yanatoka, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Wa ndani akiachia kabla nipeli haijafungwa, mnavuta upepo upya.

Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho. Kwenye masta ya zamani, sehemu ya mwisho ya silinda haiguswi na raba siku za kawaida, kwa hiyo ina kutu na uchafu. Ukizisukuma raba mpaka huko zinachanika, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inakufa jioni. Kichupa kisikauke, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Hatua ya 6: Masta, kama bado

Bana mipira yote mitatu kwa klampu maalumu za mipira, si kwa plaizi. Mpira wenye nyufa usiubane, ubadilishe. Pedali ikiwa sasa iko juu na ngumu, masta ni nzima. Achia klampu moja moja, na ile itakayoishusha pedali ndiyo itakayokuonyesha upande wenye shida. Ikizama na mipira yote imebanwa, basi nunua masta. Raba peke yake zinatosha iwapo ndani ya silinda ni laini kama kioo. Ukihisi vishimo kwa kidole, usipoteze hela.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nimefunga kalipa mpya mbele, nimetoa upepo mpaka mafuta yameisha dukani. Bado sponji.*

Tazama nipeli ziko wapi. Zinatakiwa ziwe juu. Zikiwa chini, kalipa ya kushoto umeifunga kulia na ya kulia kushoto, na upepo umejikalia juu ambako hauna njia ya kutokea. Zibadilishe.

*Kaka, DOT 3 imekosekana, kuna DOT 4 na DOT 5. Nichanganye?*

DOT 4 sawa, zinachanganyika. DOT 5 hapana, hiyo ni ya silikoni. Usichanganye DOT 5 na DOT 5.1; majina yanafanana, mafuta ni tofauti.

*Shikamoo fundi. Mzee aliongeza mafuta ya hidroliki kwenye kichupa, kidogo tu. Kuna madhara?*

Marahaba. Madhara yapo, hata kwa kidogo. Mafuta ya madini huvimbisha raba za breki. Chukua tone kutoka kwenye kichupa, uliweke kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki yanapotea ndani ya maji, ya hidroliki yanaelea. Yakielea, kusafisha bomba hakutoshi. Raba zote zinabadilishwa, za masta, za wili silinda, za kalipa, pamoja na mipira. Mwambie mzee gari lisitoke mpaka hapo.

*Natoka Lushoto kwenda Mombo, nikifika chini pedali imezama. Nikipumzika inarudi. Dramu zimeshakaguliwa.*

Mafuta yamezeeka, yanachemka. Toa yote, weka mapya kutoka chupa ambayo hujaifungua. Teremka kwa gia ndogo, injini ikushikie gari, na uhakikishe kalipa haijakwama, maana pedi inayosugua njia nzima inachemsha hata mafuta mapya.

*Mimi inashuka nikiwa kwenye foleni tu, nimekanyaga kidogo. Nikikanyaga kwa nguvu inashika vizuri. Sioni mvujo popote. Niendelee na ruti?*

Usiendelee. Ukikanyaga kwa nguvu, raba ya masta inajibana kwenye ukuta na kuzuia; ukikanyaga kidogo haijibani, mafuta yanapita pembeni yake. Fanya jaribio la klampu la hatua ya 6 kuthibitisha, lakini kwa dalili hizo jitayarishe kununua masta. Ukishaifunga, ijaze na kuitoa upepo ikiwa bado kwenye vaisi kabla hujaipeleka kwenye gari, na upime urefu wa fimbo ya busta. Ikiwa ndefu kupita kiasi, breki zitashika zenyewe barabarani.