Ukialikwa kujumuika na viziwi Nairobi

Kaa mahali taa inakumulika usoni, dirisha lisiwe nyuma yako, na soda uiweke mezani: mikono ina kazi. Kumwita mtu, mguse bega au mpungie mkono. Meza ikigongwa usishtuke, ni kuitana tu. Wawili wakizungumza njiani, pita katikati yao upesi, usisimame kuomba radhi.

Panapowashinda wanafunzi wengi wa lugha ya ishara ni mdomo. Mimi na mwenzangu wa darasani tumekubaliana: tukishaingia, hakuna kunong'onezana, hata tukiwa wawili. Wengine wanaona tumezidi, lakini kuongea kwa sauti mbele ya viziwi ni kuwafungia mlango. Usipoelewa, omba urudiwe polepole. Ukiitikia kwa kichwa tu, swali linalofuata litakuumbua. Ishara ikikupotea, tahajia neno kwa vidole, mkono mmoja, bila pupa.

Jina la ishara, yaani ishara ya kukutaja wewe, usijipe; utapewa na viziwi wenyewe. Langu ni kovu la shavuni (nilitamani kitu cha heshima zaidi). Usimsemee mtu kwa mhudumu kama hukuombwa. Na kuaga huchukua muda: ukitegemea matatu ya Rongai, anza mapema.