SOMO: Kamera ndogo ya kupigia watoto picha ndani ya nyumba (someni yote kabla ya kuuliza)

Mashoga zangu na ndugu zangu, nshachoka. Wiki hii peke yake nimeulizwa na watu wanne, mmoja kanisimamisha pale Markiti na kikapu mkononi, kamera yako ni gani na mbona watoto wako hawatoki na ukungu. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena ntamtumia hili. Mimi si mpiga picha wa harusi. Nna watoto watatu, nakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene, madirisha membamba yanaangalia kichochoro, saa nane mchana sebuleni tushawasha taa. Kamera inayoweza kwangu kwako itaweza.

Shida yenyewe ni hii: ndani hakuna mwanga na mtoto hatulii. Jicho lako lazoea giza unaona kweupe, kamera haizoei, ikikosa mwanga inaacha shata (kile kilango cha kupitisha mwanga) wazi muda mrefu na katika muda huo mtoto ashageuza kichwa.

Hatua ya 1. Megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha) sahau.

Hatua ya 2. Angalia sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachoshika picha. Kamera ndogo nyingi za bei rahisi zina sensa ya milimita 6 hivi kwa 4.5. Wewe tafuta ile inayoitwa ya inchi moja, milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake kama mara nne ya ile ndogo. Hapo unaweza kupandisha ISO (namba ya kuikuzia kamera mwanga mdogo) mpaka 1600 hata 3200 na uso wa mtoto ukabaki uso, usiwe chengachenga.

Hatua ya 3. Lenzi. HAPA NDIPO NILIPOUMIA MIMI, someni polepole.

Mdomoni mwa lenzi pameandikwa namba mbili, kwa mfano 1.8-4.9. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Ya kwanza ni pale hujavuta zumu, ya pili ni ukivuta mpaka mwisho. Mimi nilipopata kifungua mimba nikaenda kununua kamera, nikasoma 1.8 nikafurahi, muuzaji akaniambia hii inakula giza mama, nikalipa. Akika tulifanya siku ya arobaini, nyumba imejaa, mtoto kapakatwa na mamangu kule upande wa pili kwenye busati, mimi nimebanwa mlangoni masinia ya pilau yanapita, nikavuta zumu mpaka mwisho nikapiga, nikapiga, picha zaidi ya mia. Usiku nikazitazama. Mamangu hana macho, mkono wake umekuwa mikono mitatu, mtoto ni kivuli cheupe. Kumbe nilipovuta nimetoka 1.8 nimeingia 4.9, na hapo mwanga umepungua zaidi ya mara saba. Palipotosha shata ya 1/125 ya sekunde ikashuka mpaka kama 1/17, na kwa 1/17 hata mkono wa mpigaji unaonekana kutikisika, seuze mtoto. Mamangu alifariki mwaka uliofuata. Picha niliyo nayo ya yeye na mjukuu wake wa kwanza ndiyo hiyo ya mikono mitatu. Kwa hivyo nikisema someni namba zote mbili, someni.

ONYO: unayotaka ni 1.8-2.8 au karibu na hapo. ONYO la pili: zumu mara 30 na mara 40 ni za ndege na mpira uwanjani, sebuleni zitakutia hasara. Na kama ushanunua ya 1.8-4.9 usiiuze kwa hasira, acha kuvuta zumu, inuka usogee kwa miguu.

Hatua ya 4. Zilizo na sifa hizo na zinapatikana mkono wa pili: Sony RX100 III ya 2014 (1.8-2.8), Canon G7 X ya 2014 au Mark II ya 2016 (1.8-2.8 zote), na Panasonic LX100 ya 2014 (1.7-2.8), hii sensa yake kubwa kushinda hizo nyingine lakini haina flashi ndani yake. Na LX100 haifiki hata megapikseli 13, ndio mjue kwa nini hatua ya 1 nimeandika mstari mmoja. Sony RX100 ya kwanza ya 2012 ni 1.8-4.9, msichanganye na ya III.

Hatua ya 5. Iseti modi ya S, ile ya kuchagua mwenyewe spidi ya shata, kwenye Canon imeandikwa Tv. Mtoto aliyekaa 1/125, anayekimbia 1/250. ISO iache iende yenyewe. Zima ile taa ndogo ya fokasi, watoto wanaikodolea macho.

Hatua ya 6. Fungua pazia, wewe mgongo dirishani, mtoto akutazame.

Hatua ya 7. Ya mkono wa pili usilipe kabla ya kuiwasha na kuizima mara kumi ukisikiliza lenzi ikitoka na kurudi, ikikwaruza iache hapo. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu, ukiona nyuzi kama za buibui hiyo ni fangasi. Fungua na menyu pia, baadhi ya kamera zilizouzwa Japani zina Kijapani tu na hazibadiliki.

MASWALI

Mdau wa Changamwe: Somo zuri dada. Sasa ninunue gani?
JIBU: Hatua ya 4 ndugu yangu.

Kijana wa Kisauni: Simu yangu ina megapikseli 108, kuna haja gani?
JIBU: Hatua ya 1. Lakini ntakwambia kidogo. Simu ikiwa gizani inapiga picha kadhaa haraka haraka inaziunganisha, mtoto akisogea hapo kati anatoka amepakaa. Mtoto aliyelala simu inatosha kabisa, usitumie pesa.

Mwalimu wa Tudor: Samahani, inchi moja ni milimita 25.4. Mbona sensa unasema 13.2? Nimepima na rula nikashangaa.
JIBU: Mwalimu, shukrani kwa kupima, hakuna aliyewahi kuniuliza hili. Ni jina tu lililobaki. Kamera za televisheni za zamani zilikuwa na tyubu ya kioo, na inchi ilikuwa upana wa tyubu yenyewe kwa nje, sehemu iliyoshika picha ndani yake ilikuwa ndogo, kona mpaka kona kama milimita 16. Tyubu zikaondoka, sensa zikaja, watu wakaendelea kuita vile vile. Piga hesabu ya 13.2 kwa 8.8 kona mpaka kona utaona inakuja karibu na 16.

Baba wa Bamburi: Dada unatisha watu bure, mimi nna ya zumu mara 40 na picha zangu safi.
JIBU: Ulipigia wapi? Kama ni Mama Ngina saa kumi na jua lote lile, hata kamera ya mtoto ya kuchezea itapiga. Leo saa mbili usiku kaa sebuleni, flashi zima, mtoto akimbie, piga moja bila kuvuta na moja umevuta mpaka mwisho. Halafu njoo uniambie natisha nani.

Mama mapacha, Likoni: Shoga, mimi picha zangu nyakati za usiku zina mistari ya giza imelala, na macho yangu hayaioni. Kamera imeharibika?
JIBU: Haijaharibika mamangu, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa ya tyubu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, jicho halishiki, na balbu nyingi za LED za bei rahisi ni hivyo hivyo. Kamera ikiwa kwenye shata ya elektroniki inasoma picha mstari kwa mstari, mistari mingine ikaangukia taa imefifia. Kaweke shata ya mekaniko, na spidi 1/100 au 1/50. Najua 1/100 ni chini ya niliyosema hatua ya 5, basi wapige pacha wako wakati wa kusomewa hadithi, mbio waachie mchana. Na ukirekodi video angalia kwenye menyu iwe PAL, yaani ya umeme wa hezi 50 kama wetu, iliyotoka Marekani huwa imewekwa ya umeme wao wa hezi 60.

Mama mapacha, Likoni: Mistari imeondoka! Na flashi je?
JIBU: Alhamdulillahi. Flashi ya usoni simpigi mtoto, anashtuka na uso unatoka mweupe bapa. Ile ya RX100 unaweza kuizuia kwa kidole iangalie juu, mwanga ukapiga dari ukashuka taratibu. Inataka dari nyeupe ya chini lakini. Kwangu dari ni ya boriti, iko juu na nyeusi kwa umri, mwanga wote unamezwa na unaoshuka una rangi ya kahawia.

Mdau wa Changamwe: Na hiyo fangasi inaingiaje? Yangu ya zamani ilipata.
JIBU: Hili swali zuri. Unyevu wa pwani, hasa masika, na kamera kukaa kabatini miezi haitolewi. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi inashika unyevu. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki la kufunga kabisa, na silika jeli nyingi, vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu.

Fundi wa Majengo: Naongezea hapo. Vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vingi vishashiba unyevu, havifanyi kazi. Nunua ile ya punje zinazobadilika rangi, ikibadilika unaikausha kwenye oveni moto mdogo unairudisha.
JIBU: Shukrani fundi. Na mchele wengine wanauweka, usiuweke jamani, unga wake unaingia kwenye lenzi ile inayotoka na kurudi.

Kijana wa Kisauni: Na nikitoka chumba cha AC kioo kinajaa mvuke, nipanguse?
JIBU: Usipanguse. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto la nje, kisha itoe.