SOMO: Kupaka watoto floraidi ya meno (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

"Mtoto anapakwaje floraidi, yale madini ya kuzuia meno kuoza?" Swali hili naulizwa karibu kila siku, nimechoka kulijibu moja moja. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno. Hifadhini, mtumiane.

1. Mlete mtoto tangu jino la kwanza linapochomoza. Usisubiri aanze kulia usiku.

2. Mswakishe kabla ya kuja.

3. Sema mapema kama ana mzio au vidonda mdomoni.

4. Tabibu anakausha meno kwa pamba, anapaka vanishi (dawa nzito yenye floraidi) kwa kibrashi. Ni dakika chache, hakuna sindano.

5. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Vanishi ikikutana na mate inaganda, na nyingi huacha rangi ya njano. Mama anafika nyumbani, anaona meno ya njano, anachukua kitambaa anasugua hadi yang'ae. Umeifuta! Ile njano ndiyo dawa yenyewe, inahitaji saa kadhaa kupenya kwenye gamba la jino. Siku hiyo HAKUNA chai ya moto, bigijii, karanga wala mihogo ya kukaanga. Mpe uji uliopoa au ndizi mbivu. Mswaki usubiri mpaka kesho asubuhi.

6. Rudi kila baada ya miezi 3 hadi 6.

7. Nyumbani, dawa ya meno iwe na floraidi kuanzia 1000 ppm (sehemu kwa milioni), soma boksi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji.

MASWALI

Baba Mapacha: Dokta, wangu gego limetoboka, nikimpaka litaziba?

Jibu: Halitaziba. Tundu linazibwa kliniki. Vanishi inaokoa jino likiwa bado na doa jeupe kama chaki, hasa karibu na fizi.

Mama K: Baada ya kupaka anaweza kula bisi?

Jibu: Namba 5.

Mmeru wa Usa: Huku kwetu Usa River, Arusha, meno yana rangi ya kahawia, tunaambiwa ni floraidi ya maji. Sasa mnatuongezea tena?

Jibu: Swali zuri sana hili. Ile kahawia inatokana na floraidi inayomezwa kila siku wakati meno bado yanajengwa ndani ya fizi, zaidi kabla ya miaka 8. Vanishi inabaki juu ya jino, inayomezwa ni kidogo, tena mara chache kwa mwaka. Kwenu tatizo ni kisima. Kiwango cha juu cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wa Mlima Meru vinapita hapo. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua floraidi inabaki. Kinga maji ya mvua ya kunywa mtoto, au tumia chujio la mkaa wa mifupa kama lile lililofanyiwa kazi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha. Na punguza magadi kwenye maharage na makande, nayo yana floraidi.

Mmeru wa Usa: Magadi! Hiyo sikuijua. Asante daktari.

Bibi Tanga: Mjukuu ana miaka 6, kaota gego nyuma kabisa na hajang'oka jino lolote. Ni la utoto?

Jibu: Shikamoo bibi. Hilo ni la ukubwani, likioza halina mbadala. Mlete lipakwe likiwa bado jipya.