Kutia njumu ya fedha kwenye shingo ya kisu

Njumu, yaani waya wa fedha unaogongwa ndani ya mfuo uliochimbwa kwenye chuma, haishikwi na gundi wala lehemu. Inashikwa na umbo la mfuo wenyewe: mwembamba juu, mpana chini. Ukikosea hapo, waya utang'oka tu siku moja.

Bapa lililokwisha kutiwa ugumu huvunja ncha ya kalamu ya nakshi, ile ya chuma ya kuchimbia mfuo, kwa hiyo fanyia kazi shingo, kile kipande cha chuma laini kati ya bapa na mpini. Funga makali kwa ngozi, vaa miwani, kaza kisu kwenye jiriwa. Lainisha chuma kwa msasa namba 400, paka rangi nyeupe nyepesi, chora kwa penseli, kisha fuatisha mchoro kwa sindano ya chuma.

Noa uso wa kalamu kwa nyuzi 45 na kisigino, yaani upande wa chini wa ncha, kwa nyuzi 15. Kisigino kiwe kifupi, nusu milimita hivi. Kikiwa kirefu hukwaruza kingo kila unapokata kona. Ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: ikinasa ni kali, ikiteleza inole tena. Ajali nyingi huja pale mtu anapoisukuma kalamu butu kwa nguvu.

Kwa waya wa fedha safi wa milimita 0.5, chimba mfuo wa upana huohuo na kina cha 0.3. Waya una eneo la karibu milimita 0.2 za mraba, mfuo 0.15, ile ziada ndiyo inayojaza pembe za chini. Ukichimba hadi 0.5, mfuo unakuwa 0.25 na fedha haitoshi.

Sasa kazi yenyewe. Chukua patasi bapa nyembamba, iinamishe, ukate kona za chini pande zote mbili, mfuo mzima. Usisahau miisho: waya huanza kung'oka hapo.

Pasha waya hadi wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, uzime majini. Anzia mwisho mmoja, weka kipande cha shaba njano juu ya waya na ukigonge wima kwa nyundo ndogo. Ukigonga kwa mshazari waya hurefuka, hukonda, na mfuo haujai.

Punguza ziada kwa tupa laini iliyopakwa chaki, isizibwe na fedha. Msasa uviringishe kwenye kibao kigumu, namba 400 hadi 1000. Msasa ulioshikwa kwa kidole hula fedha haraka kuliko chuma na kuacha bonde. Ukiona mstari mweusi kando ya waya, gonga tena. Ukibaki, ng'oa waya, panua chini upya, na weka waya mwingine, maana ule wa kwanza umeshakuwa mgumu.

Kama unataka kukitia chuma rangi nyeusi, kloridi ya feri, kemikali inayokula metali, huacha utando hafifu juu ya fedha, unaoondoka kwa kung'arisha. Njumu ya shaba, nyekundu au njano, usiiguse nayo kabisa: italiwa.